Mwaka wa Kichwa cha Plasta

Juzi tumemzika Mwalimu Mutinda huko Kajiado, na katika watu wote waliosimama kuongea hakuna hata mmoja aliyemwita mwalimu. Walimwita Daktari. Kajiado mtu akiuza dawa ya kupe na sindano za ng'ombe kwa miaka mingi, watu humwita Daktari, naye Mutinda aliitika, kwa sababu lile jina lingine alikuwa ameshanyang'anywa. Mhubiri alikuwa kijana wa kanisa la mke wa marehemu, hakumjua. Alisoma maisha yake kutoka kwa karatasi yenye picha: amezaliwa Machakos, akasoma hapa, akasoma pale, kisha akafungua duka la dawa za mifugo. Kati ya kusoma na duka paliachwa shimo. Mimi, nikiwa kwa kiti cha plastiki nyuma ya hema, nililijua hilo shimo, kwa sababu lina upana wa mwaka mmoja usiotimia, na mwaka huo alilala kwenye chumba changu cha kupangisha na kula kwenye meza yangu. Mdogo wangu Wanja alikuwa ameketi kando yangu. Nilimgeukia nione kama naye ameliona hilo shimo. Alikuwa anautazama udongo.

Mimi sikusoma. Niliacha darasa la nne na sioni haya kusema, maana waliosoma ndio wapangaji wangu. Habari za wazazi wetu na jinsi tulivyofika Kitengela siziweki hapa, haziongezi chumvi. Nitasema tu kwamba mwaka wa mvua kubwa ya El Niño nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na nilikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara ya Namanga, mahali ambapo leo kuna duka langu la vifaa vya ujenzi na nyumba za kupanga juu yake. Wakati huo hapakuwa na ghorofa. Palikuwa na nyasi, swara wakivuka asubuhi, vumbi la malori, na harufu ya kichinjio upepo ukigeuka. Ndani ya hoteli nilikuwa na meza za mbao zilizofunikwa na nailoni ya maua, na ukuta wa mbao nyembamba kati ya meza na jikoni. Huo ukuta ndio uliokuwa shule yangu. Nikisukuma chapati upande huu, nilisikia kila kitu kilichosemwa upande ule: bei ya ng'ombe, siasa, nani ameachwa na bwana. Watu hudhani mpishi hana masikio. Nyuma palikuwa na ploti yangu ya vyumba na mfereji mmoja wa maji, na chumba namba tatu kilikuwa cha Mwalimu Mutinda.

Alikuja Januari, jua likiwa kali na ng'ombe wakifa huko kwenye mbuga. Shule yetu ya sekondari ilikuwa imekaa bila mwalimu wa baiolojia, watoto wakisoma kitabu wenyewe kama watu wanaosoma barua ya mtu mwingine. Wanja alikuwa kidato cha nne. Nilikuwa nimemlea mimi na kumsomesha mimi, na alikuwa amesema tangu utoto kwamba atakuwa daktari, wa watu, si wa ng'ombe. Kwa hivyo Mutinda alipoingia hotelini na sanduku moja akauliza chapati na maharagwe, na nikasikia ni wa baiolojia, nilimwekea maharagwe mpaka yakamwagika. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye shati mbili alizozifua kwa zamu, na alikuwa na tabia moja: ukimwuliza kitu, hakujua kujibu kidogo. Alijibu chote. Tabia hiyo nilidhani ni nzuri.

Saa ya alasiri, watu wa mchana wakishaondoka, alimfundisha Wanja na wenzake kwenye meza ya karibu na jikoni. Alichovya kidole kwenye chai akachora moyo juu ya nailoni. "Damu inaingia huku, inatokea huku. Hapa kuna mlango. Mlango huu haufunguki nyuma." Kabla chai haijakauka walikuwa wameshashika. Siku moja nilinunua moyo wa mbuzi wa kupika, nikaenda kuchota maji, niliporudi nikamkuta Wanja ameupasua na kila chumba amekichomeka kijiti. Nikamwuliza wateja watakula nini. Akaniambia, "Dada, angalia, mlango ndio huu." Na mimi, mwanamke wa kupiga kelele, nikainama nikaangalia. Ulikuwa mlango kweli, mweupe, mwembamba kama ngozi ya maziwa. Nikikumbuka furaha mwaka ule, ni hapo tu: mikono ya yule msichana ikiwa na damu ya mbuzi, na mwalimu akicheka mlangoni.

Muhula wa pili alirudi kutoka Nairobi na katoni ya mafuta ya kupikia, akaiweka kwenye meza, akatoa kichwa. Fuvu. Kahawia, paji fupi lililolala nyuma, mfupa umetokeza juu ya macho kama ukingo wa sufuria. Wateja wangu waliacha kutafuna. Alikuwepo Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka kaskazini mashariki, ambaye alikunywa chai yangu kila siku lakini nyama yangu hakuigusa.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Huyu, Mama Njoki, ni babu yetu."

"Babu yenu huko Ukambani. Sisi baba wa kabila letu anajulikana, na mabinti zake wanajulikana kwa majina."

"Ondoa hapo, mwalimu," Abdi akasema. "Kwetu Nabii Adam hakuwa na sura mbaya hivyo."

Watu wakacheka, na Mutinda akacheka pia. Akatueleza kwamba si mfupa, ni plasta, mfano tu. Ameazima kutoka makavazi na lazima akirudishe. Mfupa wenyewe ulichimbwa na wataalamu, umefungiwa kule. Alitaka watoto waone kwa macho, wasikariri. Nilimwambia akiondoe kwenye meza ya chakula. Hilo tu. Sikuwa na shida na nyani wala na Adamu. Jumapili nilienda kanisani, Jumatatu nikawasha moto. Nilichotaka ni Wanja apate cheti. Wanja mwenyewe alinieleza mambo yalivyokuwa: kwenye historia mwanafunzi huambiwa kuna hadithi tatu za mwanzo wa mtu, ya Mungu, ya wazee wa zamani na ya sayansi, ukitaja zote unapata alama. Kwenye baiolojia kuna moja. "Na ya kweli ni gani?" nikamwuliza. Akasema hilo hawaulizwi.

Watoto wa kutwa walirudi nyumbani na habari, na habari ikitembea kwenye nyasi ya Kitengela hunenepa. Siku chache baadaye Mzee Ole Tipape aliingia hotelini. Ndiye aliyetoa ardhi ya shule, wakati Wamaasai walipogawana shamba la kikundi. Mwingine angeiuza, yeye alitoa. Alikuwa mzee wa maneno machache, mwenye shuka na koti kuukuu la suti juu yake. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikaitika, nikamletea chai ya maziwa matupu. Aliomba kuketi na mwalimu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wangu.

"Mwalimu, nasikia uko na kichwa."

"Ndiyo, mzee. Cha kufundishia."

"Ilitoka wapi?"

"Bonde la Ufa."

"Magadi ni Bonde la Ufa."

"Ndiyo, mzee. Hata huko waliishi. Huko hasa." Nilisikia sauti yake ikipanda kwa furaha, furaha ya mwalimu aliyepata mtu wa kumwuliza.

"Na ni kichwa ya nani?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili ya sokoni angesema ni plasta, mzee, kunywa chai. Mutinda hakuwa na akili ya sokoni. "Ni cha babu yako, mzee," akasema kwa heshima kabisa. "Na babu yangu pia. Sisi sote tumetoka kwake."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Mzee akasema polepole kwamba zamani wao hawakuchimba kaburi. Baba yake walimlaza porini, upande wa Magadi, wakati mzee mwenyewe bado ni moran, kijana wa vita, kwa ubavu wa kushoto, amepakwa mafuta ya kondoo, viatu vipya miguuni, wakamwachia fisi na Enkai, Mungu wao. Jina lake halitajwi tena. Mahali pale hapakanyagwi. "Sasa wewe umemweka kwa katoni," akasema. Mutinda ndipo akaanza kueleza habari ya plasta, na miaka mingi isiyohesabika, lakini alikuwa amechelewa. Mzee aliinuka. Chai yake ilibaki nusu, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa mtu huyo kuacha maziwa kwenye kikombe changu.

Wengi wamenieleza baadaye kwamba Wamaasai ndio waliomfukuza mwalimu kwa ushamba. Si kweli, na nikifa hilo libaki limeandikwa. Mzee alikuwa na uchungu wake, uchungu wa mtoto wa mtu. Aliyeokota ule uchungu akaufanya kuni ni Pasta Kamande, mkuu wa kanisa lililokuwa mfadhili wa shule yetu. Asiyejua shule za kwetu aelewe: kanisa likiwa mfadhili, serikali inamlipa mwalimu, lakini mwalimu ambaye mfadhili hamtaki halali usingizi. Miaka hiyo redio na magazeti yalijaa habari za kuabudu shetani mashuleni, pete, nyoka, mafuvu. Kila mzazi alipekua sanduku la mtoto wake. Jumapili ile Pasta aliuliza madhabahuni: "Fuvu linafanya nini kwenye nyumba ya mwalimu?" Hakungoja jibu. Jioni wanawake wawili wa kwaya walikuja kwangu kunywa chai ambayo hawakuwa wakinywa siku nyingine.

"Mama Njoki, wewe unalala ploti moja na hicho kitu?"

"Nalala. Hakikoromi."

"Usicheze. Anafundisha tulikuwa nyani."

"Awe nyani awe malaika, mimi nataka watoto wapite."

Wakatazamana. Kutoka siku hiyo wateja wa Jumapili walipungua, na nilikuwa najua ni nani anayewapunguza.

Mkutano wa wazazi ulifanyika ndani ya kanisa, kwa sababu shule haikuwa na ukumbi. Wanafunzi walijaa madirishani nje, wakapandiana migongo, Wanja akiwa mbele. Fuvu liliwekwa juu ya meza ndogo ambayo Jumapili huwekwa sadaka. Mwalimu mkuu aliketi akitazama viatu vyake, na aliendelea kuvitazama mpaka mwisho. Ole Tipape alisimama kwanza.

"Mimi sikuja kufukuza mtu," akasema. "Ardhi hii nilitoa mimi, na mwalimu ni mgeni yangu. Nataka kitu moja. Kama hiyo kichwa ni ya mtu, mnipatie, nirudishe porini, nichinje kondoo, iishe. Kama si ya mtu, nionyeshwe."

"Hakuna kondoo atachinjwa hapa," Pasta akasema. "Hapa damu ilishamwagika, na ilitosha."

Watu wakasema amina. Mutinda akasimama. Shati ilikuwa ile nyeupe. "Mzee, ni plasta. Imetengenezwa na watu, kwa mfano wa mfupa wa kweli."

"Mfupa ya nani?"

"Wa mtu wa kale sana."

"Mtu ya nani?"

Nilimwomba Mungu amzibe mdomo. Lakini aliulizwa, na akiulizwa alijibu. "Wetu sote, mzee." Kanisa likanguruma. Nilisimama nikasema kwamba mtihani uko karibu na mwalimu wa baiolojia ni mmoja, mengine yote ni maneno. Mtu nyuma akasema, "Mama Njoki, rudi kwa chapati zako," watu wakacheka, na mimi nikakaa. Mwanamke wa darasa la nne hukaa, hata kama ndiye aliyelisha nusu ya watu waliomo ndani.

Pasta akangoja kicheko kiishe. Alikuwa na akili, simnyimi. "Ndugu zangu, jambo ni jepesi. Kama ni mfupa, ni uchawi. Kama ni plasta, ni uongo, basi watoto wetu wanafundishwa uongo. Mwalimu achague."

Nimepita mambo mengi tangu siku hiyo. Nimeshtakiwa kwa ardhi, nimedanganywa na mafundi, nimezika mume. Sijawahi kuona tena mlango uliofungwa pande mbili hivyo, mbele ya watu wanaopiga makofi. Mutinda alimtazama Pasta. Halafu akamtazama Ole Tipape, aliyekuwa bado amesimama na fimbo yake, anangoja. Mwalimu akalichukua fuvu kwa mikono miwili, akaligonga kwenye ukingo wa meza. Lilipasuka kama ganda la yai. Ndani palikuwa peupe kama chaki, na kipande cha waya. Vumbi lilibaki kwenye suruali yake.

Ole Tipape alisogea, akaokota kipande, akakivunja kwa kidole gumba, akakinusa. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyeambiwa mgonjwa amelala. "Basi," akasema. "Si mtu." Akamshika mwalimu bega, akatoka nje kwenda kwa ng'ombe wake, kwake jambo lilikuwa limekwisha na limekwisha vizuri. Na Pasta akageukia madirisha, akawaambia wanafunzi, "Mmeona babu yenu?" Kicheko kikatoka kwenye yale madirisha. Watoto aliowachorea moyo kwa chai. Mwalimu alipiga magoti akakusanya vipande ndani ya leso, kimoja kimoja, kwa sababu vilikuwa vya makavazi na alipaswa kuvirudisha.

Jioni alikula chapati, leso ikiwa juu ya meza. Abdi alihama meza yake akaketi naye, akamsukumia sukari. Nilimwuliza, "Kwa nini ulivunja?"

"Yule mzee aliniuliza swali la kweli, Mama Njoki. Ni yeye peke yake aliyeuliza. Nikaona nimjibu."

"Na Pasta?"

"Yule hakuuliza."

Kabla wiki haijaisha alikuwa ameambiwa shule haimhitaji. Aliondoka asubuhi mapema na sanduku lake lile lile. Mchana huo mke wa Ole Tipape alileta kibuyu cha maziwa, kikiwa kimepambwa kwa shanga, mzee amemtuma ampe mwalimu, kumshukuru kwa kumwondolea hofu ya baba yake. Nilimwonyesha chumba namba tatu kikiwa kitupu. Yule mama alisimama mlangoni na kibuyu mkononi muda mrefu, hakuelewa, na mimi sikuwa na Kimaasai cha kumweleza. Mwishowe nilipokea maziwa, nikayatia kwenye chai ya wateja.

Muhula wa tatu mvua ilikuja, ile mvua. Udongo mweusi wa Kitengela uligeuka gundi, malori yakalala barabarani, watoto walifika kwenye mtihani wamebeba viatu kichwani. Hakuna mwalimu wa baiolojia aliyeletwa. Wanja alisoma peke yake kwenye meza ile, taa ya chemli mbele yake, na mimi sikumsikia tena akisema neno moja kuhusu milango ya moyo. Matokeo yalipotoka, baiolojia ndiyo iliyomwangusha, na bila baiolojia hakuna udaktari, hata kuwa nesi walimkataa. Alilia siku moja, hakulia tena. Nilimweka hotelini, hoteli ilipokuwa duka nikamweka dukani. Watu husema nimemsaidia mdogo wangu. Nimemsaidia. Anaendesha duka vizuri kuliko mimi. Pasta Kamande alikuja kuwa askofu. Shule ilipata ukumbi, una jina lake ukutani. Nasikia siku hizi wanafunzi bado wanataja zile hadithi tatu kwa mpangilio, wanapewa alama, wanasahau. Nilidhani zamani kwamba watu hugombana ili mmoja ashinde na jambo lijulikane. Nimezeeka nikaona watu wanaweza kugombana, mtu akavunjika katikati, na jambo lenyewe likabaki pale pale bila hata mmoja kulihitaji.

Kaburini, kijana mhubiri alichota udongo akasema mavumbi kwa mavumbi, na Wanja akaniomba tuondoke kabla ya chakula. Niliendesha pikapu mwenyewe. Tulipopita Isinya, nikasema kile nilichokuwa nimekisema kwa miaka yote, kwamba kama si kufukuzwa kwa Mutinda angepita, kwamba lile swali la mwanzo wa viumbe lilikuja na hapakuwa na mtu wa kumfundisha.

"Nilikuwa nalijua, dada," akasema.

Nikapunguza mwendo.

"Nilikuwa nalijua lote. Alitufundisha kabla ya mkutano. Nikaliandika, kurasa mbili. Halafu nikajiuliza, je, anayesahihisha akiwa mtu wa Pasta? Nikaandika jibu lingine chini yake, la kitabu cha Mwanzo, siku ya kwanza mpaka ya sita. Halafu nikaona je, akiwa mtu wa sayansi? Nikamkumbuka mwalimu akiwa amesimama pale mbele. Alipewa majibu mawili na yote mawili yalikuwa ya kumpiga. Nikayakata yote mawili. Kutoka hapo kila swali nililiogopa. Muda ukaisha nikiwa nakata."

Hakuwa analia. Aliongea kama mtu anayesoma bei. Nje nyasi zilikuwa kavu, mbuzi wamesimama kwenye kivuli cha mabango ya ploti. Tulipoanza kuona maghorofa ya Kitengela nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza mtu yeyote, wala Pasta, wala mwalimu mwenyewe alipokuwa hai na mlango wake uko hatua chache kutoka jiko langu. Nikamwuliza, "Na sasa wewe Wanja, ndani yako, unaamini ni lipi?"

Alifungua kioo, akapangusa vumbi la Kajiado kwenye sketi yake nyeusi.

"Mimi nauza misumari, dada," akasema.